Ganda la Kushoto

Guangzhou, 9 Machi 1998

Baba, shikamoo.

Vuai alifika Jumamosi na mfuko wako. Lile ganda la kushoto la injini alilifunga kwa kanga mbili na taulo, akalipakata safari nzima kwa kuwaogopa wapakia mizigo. Uwanja wa ndege hapa walimfungulia mfuko mara tatu. Afisa mmoja aliliinamia akalinusa, akasema kitu, na mwenzake akacheka. Vuai aliwaambia ni kipande cha pikipiki ya mzee wa rafiki yake, ya Marekani, ya mwaka thelathini na nne. Wakamwachia.

Nimeuona ufa. Ni mrefu kuliko ulivyonieleza, unaanzia chini ya silinda ya mbele na kuishia kwenye tundu la skrubu. Lakini kuna karakana nyuma ya stesheni ya reli, si mbali na soko la Zhanxi, wanachomelea aluminiamu vizuri sana. Mwenyewe, ambaye wote wanamwita laoban, yaani tajiri wao, ni mtu mfupi mwenye kidole gumba kimoja. Ukutani amebandika picha za pikipiki za Kimarekani za miaka ile ya dhiki, alizokata kwenye magazeti. Aliniashiria nichague. Nilipita ile ya thelathini na sita yenye valvu juu, nikapita na zile za kampuni nyingine zenye silinda nne, nikaweka kidole kwenye yako: valvu za ubavuni, gia ya mkono kando ya tangi, madigadi yaliyokunjwa kufuata gurudumu. Akanipigapiga begani. Nadhani nilifaulu mtihani.

Kwa kuwa Kichina changu ni cha kuulizia bei tu, niliandika maagizo kwa Kiingereza, mistari mitano, na yule binti anayetutafsiria ofisini akayageuza. Nilihifadhi nakala ili baadaye asije mtu akasema sikusema. Wachomelee ufa, wanyooshe uso, wasafishe matundu ya skrubu, wasiguse mahali pa beringi, na mwisho waondoe alama na mikwaruzo yote, liwe kama jipya. Nilitaka ukilipokea ufurahi.

Bosi wangu, Bwana Abass, hajui kwamba nilitoka saa mbili za kazi. Kwenye daftari la kutoka niliandika nimekwenda kuulizia makontena. Tangu siku hiyo kila akiniita jina nadhani ameshajua. Usimwambie mtu yeyote wa huko anayemfahamu.

Wiki sita, wamesema.

Mwanao,
Maulid

*

Kwemhunda, 3 Aprili 1998

Maulid, marahaba.

Dada yako anaandika, mimi nasema, kwa hiyo makosa ya herufi ni ya mwalimu na makosa mengine ni yangu. Leo Ijumaa ameniletea samaki na barua yako, nikamwambia aanze na barua.

Huyo mtu mwenye gumba moja nimempenda. Fundi mwenye vidole vyote hajafanya kazi ya kutosha. Mwambie mashine hii ilitengenezwa wakati wenyewe Wamarekani wanapanga foleni ya supu na hakuna anayenunua pikipiki, ndiyo maana chuma chake hakikuibwa hata kidogo. Walikuwa na muda.

Sasa sikiliza habari. Shamba limeuzwa. Mwekezaji amekuja na magari mawili, na kamati ya kuhakiki mali inapita nyumba hadi nyumba na kuandika. Walipofika kwangu wakasema nyumba ya karakana ni ya shamba, na mimi nipishe. Nikawaambia wafungue daftari la vyombo, lile kubwa la jalada jekundu, mwaka sitini na saba. Wakalifungua. Mstari upo, kwa mkono wa mwenye shamba, yule Mgiriki mwenyewe, wiki ile serikali ilipochukua shamba naye anafunga mizigo: pikipiki ya Kimarekani, injini namba 34VL6218, pamoja na nyumba ya karakana, vimekabidhiwa kwa fundi mwenye kuitunza, si mali ya shamba tena. Jina hakuandika. Alikuwa na haraka, na kwake fundi alikuwa mmoja tu.

Katibu wa kamati si mtu mbaya. Aliniambia, "Mzee Abubakary, pikipiki kuukuu ni nyingi. Tuonyeshe injini yenye namba hii, nyumba ni yako na hatutarudi. Ukishindwa, itahesabiwa pamoja na nyingine." Nikamwambia namba iko China, inachomelewa. Chumba kizima kilicheka, hata mimi.

Unaelewa maana yake. Wamarekani wa wakati ule hawakugonga namba kwenye fremu. Waligonga mahali pamoja tu, kwenye ganda la kushoto, chini ya silinda. Kwa hiyo hilo ulilonalo huko si chuma tena, ni hati ya nyumba. Litunze.

Baba yako,
Abubakary

Haya ya chini ni yangu, sijamsomea. Maulid, mtu wa mwekezaji anaitaka nyumba ile iwe ofisi ya mizani. Baba macho yamebaki kujua mchana na usiku tu, lakini mle ndani anatembea bila fimbo, anapika chai yake, anashuka hadi kwenye karakana akitaka. Nilipomlaza kwangu mjini siku mbili nilimkuta amesimama katikati ya sebule, ameshika ukuta ambao haupo. Usichelewe. — Hafidha

*

Guangzhou, 24 Aprili 1998

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika jana na nimeisoma mara nyingi. Ganda liko salama. Kazi ya kuchomelea ni nzuri, ufa hauonekani. Namba ipo kama ilivyo, usiwe na wasiwasi. Nitalituma na mtu wa kuaminika mara tu atakapopatikana.

Pole kwa usumbufu wa kamati. Kula vizuri na umeze dawa za presha.

Mwanao,
Maulid

*

Guangzhou, 24 Aprili 1998

Dada Hafidha,

Hii naituma shuleni kwako ili isifike nyumbani. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Namba haipo.

Nilipomaliza kusoma barua ya Baba nilitoka ofisini bila kuaga, nikaenda karakana kwa miguu, karibu nikimbie. Laoban aliniletea ganda limefungwa kwenye karatasi ya nta. Linang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nilitafuta chini ya silinda, nikageuza, nikatafuta tena, nikadhani nimeshika upande usio wenyewe. Pale pamepigwa msasa mpaka pamekuwa laini kama kioo.

Nilikuwa nimekwenda na yule binti mkalimani. Nikamwambia, "Muulize namba iko wapi."

Akauliza. Mzee yule hakushtuka. Alivuta droo, akatoa karatasi yangu ya maagizo, akaweka kidole kwenye mstari wa tano: waondoe alama na mikwaruzo yote. Kisha akasema maneno mengi huku akitabasamu.

"Anasema hiyo ndiyo iliyochukua muda," akanieleza binti. "Namba ilikuwa imezama sana. Anauliza sasa unataka namba gani. Vichuma vya kugongea anavyo vya kila saizi."

Nikamwambia nilitaka ile ile iliyokuwapo. Binti akanitazama. "Kama ulitaka ile ile, kwa nini ulisema iondolewe?"

Dada, sina hasira na mtu yule. Huu mji ndivyo unavyofanya kazi. Tukienda Xintang kuagiza suruali za jinzi, kiwanda hushona suruali tupu kwanza, halafu hukuuliza unataka lebo gani. Kwao kitu kilichofutwa ni kitu kinachosubiri jina. Mimi ndiye nilipaswa kujua. Nilisoma, nilipata daraja la kwanza, niliandika mistari mitano kwa uangalifu na nikahifadhi nakala, na nakala hiyo sasa ndiyo inayonishtaki.

Baba nimemwandikia kwamba namba ipo. Mkono uliandika wenyewe. Nikirudi kumwambia sivyo, atajua nimemdanganya mara mbili, kwanza kwa uzembe kisha kwa woga. Tafadhali usimwambie. Nishauri nifanye nini.

Maulid

*

Muheza, 15 Mei 1998

Maulid,

Nilisoma barua yako chooni shuleni, mahali pekee penye kitasa. Kisha nikaingia darasani nikafundisha ramani ya mito na sikumbuki nilisema nini.

Ile nyingine nilimsomea Baba. Nilipofika kwenye "namba ipo kama ilivyo" alinirudisha, akasema, "Hapo tena." Nikasoma tena. Akasema, "Huyo kijana ana hofu nyingi, lakini akisema kitu kimefanyika, kimefanyika." Halafu akaomba chai.

Ningekuwa mtu bora ningemwambia pale pale. Nilifungua mdomo. Lakini wiki ile presha ilikuwa imepanda na muuguzi alisema asisumbuliwe. Nikajiambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na mimi bado najiambia.

Sitamwambia. Barua yako nimeichoma jikoni. Fanya unaloweza huko ili ganda hilo lifike mbele ya kamati likiwa na kitu cha kuonyesha. Mimi nitashughulika na huku.

Usijilaumu kupita kiasi. Ukiugua huko nani atakuangalia?

Dada yako,
Hafidha

*

Kwemhunda, 15 Mei 1998

Maulid,

Fupi tu, maana mwalimu anawahi gari. Kamati wanakuja tena mwezi wa saba na nadhani msafiri wako hatakuwa amepatikana. Fanya hivi: chukua karatasi nyembamba, ilaze juu ya namba, uishike isicheze, upake penseli laini kwa ubavu. Namba itajitokeza nyeupe. Niletee karatasi hiyo kwa posta. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya na magari ya shamba wakati wa bima. Katibu amesema ataipokea kwa muda.

Dada yako ameanza kuandika polepole siku hizi. Nadhani anakuzeekea.

Baba yako,
Abubakary

*

Guangzhou, 11 Juni 1998

Dada,

Nimefanya ulichoniambia.

Nilichelewa wiki nzima kwa sababu niliogopa. Nililiweka ganda chini ya meza ya ofisi, na kila jioni nikitoka nilikuwa nikilifunika kwa boksi la sampuli. Bwana Abass aliligonga kwa kiatu akauliza ni nini, nikasema ni mzigo wa mteja. Hapa jengo la Tianxiu kila kitu ni mzigo wa mteja, hakuuliza zaidi. Lakini Jean-Luc wa ofisi ya jirani, Mkongomani wa Lubumbashi anayesafirisha vitenge, alinikuta nimelipakata. Nikamwambia yote. Sijui kwa nini nilimwambia yeye.

"Petit, mdogo wangu," akasema, "namba unaijua?"

"Naijua."

"Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli. Imo kwenye daftari."

"Basi unalia nini? Unarudisha kitu mahali pake. Mtu aking'olewa jino akawekewa lingine, mdomo si wake tena?" Akacheka, akaenda zake kupokea simu.

Nilitamani sana maneno yake yawe sawa. Jumatatu nikaenda karakana. Laoban alinipangia vichuma juu ya kitambaa, tarakimu na herufi, akanifanya nichague saizi. Nilichagua kwa kukumbuka. Aligonga nyundo nane, moja kila alama. Zimenyooka, zimekaa kwenye mstari mmoja kama zimechapwa. Alijivunia. Alikataa malipo ya kugonga, akafanya ishara kwamba ni zawadi.

Dada, nilipotoka mlangoni niliona nimefanya jambo baya, lakini sikuweza kusema ni lipi hasa. Namba ni yetu. Injini ni yetu. Hakuna hata tarakimu moja ya uongo. Mbona najisikia mwizi?

Nimeweka karatasi ya penseli kwenye barua ya Baba. Vuai anasafiri mwezi wa nane, atalileta ganda.

Maulid

*

Guangzhou, 11 Juni 1998

Baba, shikamoo.

Nimefanya ulivyoelekeza. Karatasi imo ndani, nimeikunja mara moja tu ili isifutike. Namba inasomeka vizuri.

Mwanao,
Maulid

*

Kwemhunda, 17 Julai 1998

Maulid, marahaba.

Karatasi imefika na nimeipeleka kwa katibu mwenyewe, nikiongozwa na mtoto wa jirani hadi mlangoni, ndani niliingia peke yangu. Aliilaza juu ya daftari la Mgiriki, akafuata kwa kalamu, tarakimu kwa tarakimu. Sikuona lakini nilisikia kalamu ikigonga. Ilipogonga mara ya mwisho akasema, "Mzee, umeniondolea kazi." Yule mtu wa mwekezaji alikuwepo, alikohoa.

Shauri ni tarehe saba Septemba, ofisi kuu, na sasa ni la kutimiza taratibu tu. Wataliangalia ganda lenyewe, wataandika, watagonga muhuri.

Miaka thelathini na moja nimeitunza mashine ile kwa sababu mtu aliniamini, na watu walidhani ni uchizi. Marehemu mama yako alisema nikifa nizikwe na plagi zake. Leo mashine imenitunza mimi. Sikutegemea kuiona siku hii, na bado sijaiona, ila nimeisikia.

Likifika nitaomba wanipe nilishike kwanza kabla ya wao.

Nimeridhika nawe.

Abubakary

*

Muheza, 12 Septemba 1998

Maulid,

Naandika sasa kwa sababu nikingoja sitaandika kabisa.

Vuai alilileta tarehe tano, moja kwa moja kwangu. Nilitaka kwenda nalo kwa Baba siku ile ile. Sikwenda. Nilisema nitalileta ofisini, ili asikae nalo usiku kucha. Niliogopa mikono yake. Sikujua ninaogopa nini, ila niliogopa mikono yake.

Jumatatu chumba kilijaa. Wazee watatu wa shamba waliokuwa vijana wa karakana walikuja bila kuitwa, wamevaa kanzu, kuja kusema kwamba fundi wa Mgiriki ni Abubakary. Katibu alikuwa na muhuri mezani tayari. Akalipokea ganda, akasoma namba kwa sauti, akasema iko sawa. Kisha Baba akaomba alishike. Katibu akampa yeye mwenyewe, kwa heshima.

Alilipakata. Akapitisha gumba chini ya silinda. Akapitisha tena kutoka upande wa pili. Maulid, sikuwahi kuigusa namba ile maishani mwangu na wewe nadhani hukuwahi. Yeye ameifuta mafuta kila Ijumaa tangu kabla hatujazaliwa.

Akasema, taratibu kabisa, "Waheshimiwa, hili si langu."

Katibu akadhani hakusikia vizuri.

"Si langu. Langu namba zake zilipanda na kushuka, na ile nane ya mwisho ilikaa chini ya wenzake. Hizi zimepangwa kama meno ya bandia. Mwanangu amebadilishiwa huko. Ni kijana mkweli, aliwaamini, na wao wamechukua la kwake wakampa hili. Naomba kamati imwandikie barua apate kudai lake."

Alikuwa anakutetea wewe. Aliwageukia watu asiowaona na kuwaambia mwanawe asilaumiwe.

Mtu wa mwekezaji akasema, "Mwenyewe amekana. Tuendelee."

Nikasimama. Nikasema, "Baba, ni lako. Ni lile lile. Walifuta namba kwa bahati mbaya, Maulid akairudisha. Mimi nilijua."

Aliyenijibu ni katibu. "Mwalimu, namba hii imegongwa lini?"

"Mwezi wa sita."

"Na karatasi mliyoniletea mwezi wa saba ilitoka kwenye namba gani?"

Katibu akafungua daftari jekundu, akaupeleka mstari wa Mgiriki kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kama wino wake nao ni wa juzi. Kisha akaurudisha muhuri kwenye droo. Wale wazee watatu hawakuitwa kusema.

Nyumba imeandikwa ya shamba. Pikipiki nayo, kwa kuwa haina namba inayotambulika. Tumepewa siku thelathini.

Nilimfuata katibu nje. Nilimwomba. Akaniambia jambo ambalo sitaki kulibeba peke yangu. Alisema, "Mngeniletea chuma kitupu na barua ya karakana kwamba walikifuta, nilikuwa na wazee watatu na pikipiki nzima na fundi kipofu anayeijua kwa jina. Ningegonga muhuri. Lakini mkinipa namba ya kughushi, nitajuaje kipi kingine hamkughushi?"

Maulid, nilipokuandikia ufanye unaloweza, hiyo barua ya karakana ndiyo niliyokuwa nafikiria. Niliona ni wazi kiasi kwamba sikuitaja.

Hafidha

*

Guangzhou, 5 Oktoba 1998

Baba, shikamoo.

Dada, msomee yote. Usiruke hata hili ninalokuambia wewe.

Baba, ganda ulilolishika ni lako. Hakuna Mchina aliyenidanganya. Niliandika mwenyewe kwamba alama zote ziondolewe, kwa sababu nilitaka ulipokee likiwa zuri na sikufikiria namba. Walipoiondoa nilikuandikia kwamba ipo. Haikuwapo siku ile. Kisha nikaigonga upya, na karatasi ya penseli niliyokutumia ilitoka kwenye namba mpya. Dada alijua tangu Mei kwa sababu nilimwomba asikuambie. Kosa la kunyamaza ni langu, yeye nilimtwisha.

Nimejaribu kueleza kwa nini na kila sababu ninayoiandika nikiisoma inakuwa ni woga. Niliogopa utanionaje. Nilikuwa naogopa hivyo hata nilipokuwa shule, nilikuwa nakuletea ripoti nikiwa nimeshaikunja mahali pa somo nililofeli. Ulikuwa unaona wakati ule. Hukuwahi kusema.

Nilikwenda tena karakana kuomba barua ya kueleza walichofanya. Laoban aliiandika mara moja, akaigonga muhuri mwekundu. Ninayo hapa. Nimeituma nakala kwa katibu. Najua imechelewa. Nimemwomba Bwana Abass ruhusa ya kuja, akasema mkataba hauruhusu kabla ya mwakani, na pasipoti yangu iko kwenye kabati lake. Sikubishana naye. Nilisema asante.

Nisamehe kama inawezekana. Kama haiwezekani, niambie tu umehamia wapi na unalala vipi.

Maulid

*

Muheza, 9 Novemba 1998

Maulid,

Anayeandika si dada yako. Ni Mumbua, muuguzi wa zahanati, mtu wa Machakos, anapanga chumba cha uani hapa. Nimemwomba aandike ninavyosema bila kunitengenezea.

Nipo kwa Hafidha tangu tarehe sita Oktoba. Napewa chakula kizuri. Kuna kamba imefungwa kutoka kitandani hadi chooni, nashika hiyo. Chai napikiwa.

Pikipiki waliibeba kwenye tela la trekta. Niliwaomba wamwage mafuta kwanza yasije yakachuruzika njia nzima, hawakumwaga. Nyumba wameshaweka mizani. Katibu alijibu kuhusu barua ya karakana. Anasema ameipokea na ameiweka kwenye faili, na faili limefungwa.

Hafidha alinisomea barua yako. Alisoma yote, au nadhani alisoma yote. Pahali pawili alikohoa, na sikujua kama anakohoa au anaruka. Alipolala nikampelekea Mumbua anisomee tena, na maneno yalikuwa yale yale. Nikamshukuru. Lakini nilirudi kitandani nikawaza, nimejuaje kwamba wawili hawa hawakuelewana kabla? Wanakaa nyumba moja.

Sikuwa mtu wa namna hiyo. Injini nilikuwa nafungua nikitaka kujua. Barua siwezi kufungua. Macho yalipokwenda sikuhuzunika sana, kwa sababu nilikuwa na wawili wa kuniazima yao, na kila mlichosema mnaona mimi nilikiona. Namba mngefuta zote, mkaniambia. Nyumba ingekwenda, ningekaa hapa na kamba yangu na ningeendelea kuona. Sasa dada yako akiniambia nje kunanyesha, nanyoosha mkono dirishani.

Hafidha simfukuzi moyoni, wala wewe. Namsikia usiku anavyopenga kamasi, najua analia, nami sijui niseme nini. Kijana mwoga si kosa lake. Mimi nilikuwa napaona pale ulipokunja ripoti, nikanyamaza kwa kudhani nakuhurumia.

Hela ulizotuma zimefika. Usitume tena hadi upate pasipoti yako.

Na usiandike. Najua utataka kuandika, wewe ni mtu wa kuandika. Ila kila barua itakayokuja, nitakuwa nasikiliza yale yasiyosomwa, na kazi hiyo imenichosha kuliko giza lenyewe. Mumbua nimemwambia barua zako akizipokea aziweke kwenye boksi bila kufungua. Amekubali. Sijui kama atafanya hivyo.

Abubakary

(Nimeandika kama alivyosema. — Mumbua)